Nyanya za Kulazwa Ubavu

Katika ripoti yenu ya mwisho, ile mliyoniletea nyumbani niisome nikiwa nimenyoosha mguu kwenye kiti, mmeandika kwamba katika bonde moja nyuma ya Vuhovi wanawake wanapandikiza nyanya vibaya. Wanailaza miche ubavu badala ya kuisimamisha. Wanachimba kwa mikono. Jembe wanaliacha juu, kando ya njia, kama kiatu mlangoni. Mmependekeza semina ya siku mbili, pamoja na chakula cha mchana.

Semina ni yenu na chakula ni chenu. Mimi nimeshatoka kazini. Lakini kabla hamjawasha pikipiki, naomba mjue kwamba mazoea hayo si ya mababu. Yana mtu aliyeyaleta, na mtu huyo ni mimi. Niliyaleta kwa kosa, wakati wa ile vita yetu ya pili, nayo yamebaki kwa sababu ambayo haiwezi kuingia katika kile kisanduku cha mwisho cha fomu kinachoitwa "maoni". Kwa hiyo nimechukua daftari.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili, na hakuna aliyeviona: kutoka Lubero mpaka Beni niliitwa Madame Nyanya, hata miaka nilipokuwa nafundisha kabichi. Nimestaafu sijafika hamsini, jambo linalowafanya majirani wadhani nimefukuzwa. Sikufukuzwa. Goti la kushoto limekataa. Kupanda mlima linapanda. Kuteremka ndiko halitaki, na kazi yetu mnaijua, bustani zote nzuri ziko chini karibu na maji.

Nilianza nikiwa msichana, nimetoka tu sekondari ya kilimo, diploma kwenye bahasha na viatu vyeupe miguuni. Bustani ya mfano ilikuwa nyuma ya ofisi yetu ya Butembo, na ndani yake alikuwamo Mzee Kasereka, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi na ambaye hakuwa na diploma yoyote. Aliangalia bahasha, akaangalia viatu.

"Madame, hii viatu ni ya ndoa ya nani?"

"Ni ya kazi, Mzee."

"Ya kazi. Bon. Vua."

Nilivua. Akanipeleka kwenye kitalu, kile ambacho watu wetu wanakiita pepinyeri, akanionyesha miche ya nyanya yenye majani matano matano. Akaniambia ning'oe mmoja. Niliushika shina, nikauvuta kwa uangalifu, nikamwonyesha mizizi mizima. Aliupokea, akautazama kwa huruma, akautupa kwenye majani.

"Umeua."

"Mzee, mizizi iko mizima!"

"Umekamata shina. Jani likivunjika, ingine inaota. Shina iko moja tu. Mutu unamusalimia na mukono, haumukamate mu shingo."

Siku hiyo niliua miche kumi na mmoja, na kwa kila mmoja alinieleza nimeuuaje. Mwingine niliung'oa kwenye udongo mkavu, mizizi ikabaki chini. Kitalu humwagiliwa vizuri kabla ya kung'oa, baada ya kukinyima maji siku chache ili miche ijifunze shida. Mwingine niliupanda saa sita ya mchana. Mwingine niliuacha shimoni na hewa chini ya mizizi, sikuushindilia kwa vidole. Jioni mgongo ulikuwa hauninyookei, naye alikuwa akinawa miguu kwenye mfereji na kuimba wimbo wa kikatoliki, kwa sauti ya juu kidogo kwa sababu alijua mimi ni mprotestanti.

Nieleze na chombo chake, kwa sababu mmekirithi bila kukijua. Kilikuwa kijiti cha kutobolea mashimo, urefu wa kutoka kiwiko hadi kidole, kilichochongwa kutoka mpini wa jembe uliovunjika. Kilikuwa kinang'aa kwa miaka ya kushikwa. Nchani fundi wa baiskeli alikivalisha kofia ndogo ya chuma. Mzee alikisukuma ardhini, akakizungusha nusu, akakitoa. Shimo likabaki limesimama bila kubomoka. Hakumwazima mtu. "Diploma yako iko mu bahasha," aliniambia, "yangu ni hii."

Baada ya mwaka mmoja nilipewa eneo langu. Wiki hii Vuhovi, wiki ijayo upande wa Beni, mara nyingine juu Lubero kwenye baridi, ambako nyanya inakua kwa manung'uniko na watu wanakucheka, wanakuuliza kama huoni viazi. Yote kwa miguu. Niseme ukweli ambao sikuuandika kwenye ripoti hata moja: nilipenda njia kuliko bustani. Nilipenda asubuhi ya kuondoka, mfuko begani, ukungu bado umekaa bondeni, na mama fulani anayepiga kelele kutoka upande wa pili, "Madame Nyanya, ile yangu imekamata!" Kukamata, kwetu, ni mche kushika mizizi. Miche ya watu niliipandikiza maelfu. Bustani yangu mwenyewe sikuwahi kuwa nayo, kwa sababu bustani inataka mtu anayelala pale pale.

Vita ya kwanza ilitukuta tukipalilia vitunguu. Ya pili ilitukuta bila mbegu. Njia ya Kasindi ilikuwa inafunguka na kufungwa, na makopo ya mbegu yaliyokuwa yanatoka Uganda yakaisha madukani. Mzee Kasereka hakulalamika. Alichagua nyanya kutoka kwenye miti iliyoshinda mildyu, ile baridi nyeusi inayokausha majani kwa wiki moja, akazikamua kwenye kikombe, akaziacha zichachuke siku tatu, akaosha mbegu na kuzianika kwenye jani la mgomba. Kisha akanifungia kidogo katika karatasi ya daftari. "Mbegu ingine hakuna," akasema. "Nenda nayo Vuhovi, umupe mutu mwenye ataiangalia."

Kwenye kizuizi cha askari, kijana mmoja mwenye bunduki alifungua karatasi.

"Oyo eloko nini?"

Nikamjibu kwa Kilingala changu kibovu kwamba ni mbegu ya nyanya. Alinusa. Akasema kama si sumu, nile. Nikala. Sijui kama mmewahi kutafuna mbegu kavu za nyanya huku mtu akiwatazama hivyo. Ni kama kutafuna mchanga wenye nywele. Aliporidhika aliikunja karatasi vizuri, halafu akaomba kidogo. Mama yake analima huko kwao, akasema. Nilimpa. Kwa hiyo nilichofika nacho bondeni kilitosha kitalu kimoja tu.

Mtu wa kuiangalia nilimpata siku hiyo hiyo. Alikuwa Mama Kahindo, mjane aliyekimbia kutoka upande wa Beni na watoto watatu, beseni moja, na jembe lisilo na mpini. Kapita wa kijiji, mkubwa wao, Mzee Muhindo, alikuwa amemwazima kipande cha ardhi nyeusi kando ya kijito. Ndugu yake kapita alikitaka kipande hicho apande mikaratusi. Kwa hiyo kapita aliweka sharti mbele ya watu wote, nami nikiwapo.

"Mama, mvua ikishika, nikute kitu mu udongo. Nikikuta majani ya bure, ndugu yangu anaweka miti yake."

Mkaratusi ukishapandwa, mnajua, hauhami, na kijito nacho hauachi hai. Kwa Kahindo hapo palikuwa mahali pa nne tangu aondoke kwake. Mbegu za maharage alikuwa ameshawapikia watoto njiani. Alizipokea mbegu zangu kwa mikono miwili, akaziangalia, akasema:

"Madame, miye nimechoka kuwa mugeni. Kama hii inakamata hapa, na miye nitakamata."

Kitalu chake kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Alikijengea dari ya mashilu, yale majani ya porini yanayopitisha jua kwa vipande, na kila asubuhi aliyapunguza kidogo. Wiki ya tano nilirudi nikiwa na jembe langu jipya begani. Miche ilikuwa unene wa kalamu. Tulikubaliana kupandikiza kesho yake jioni.

Kesho yake asubuhi kikaja kilio. Kakule, mwana wa Koko Marthe, mama mzee wa nyumba ya kapita, alikuwa amepigwa risasi njiani upande wa Beni, akisukuma baiskeli ya maharage. Vijana walikwenda kuchukua maiti. Njia ikafungwa nyuma yao.

Katika bonde lile, mtu wa kijiji akifa, hakuna chuma kinachoingia ardhini mpaka azikwe. Chuma cha kwanza lazima kiwe cha kaburi lake. Watu wanasema ukichimba kabla, umemchimbia mwingine. Wakati wa amani hilo ni jambo la siku mbili, na viazi havikasiriki. Lakini Kakule alikuwa hajafika. Siku ya tatu hajafika. Siku ya sita vijana walituma habari kwamba wako hai, wanangoja njia. Majembe yote yalikuwa ndani ya nyumba, mvua imeshika kabisa, na miche ya nyanya inarefuka.

Mche ukikawia kitaluni unakuwa kama kamba. Shina linageuka zambarau, majani ya chini yanakuwa ya njano. Siku ya tisa niliona ua. Mche wenye ua kabla ya kupandikizwa umekata tamaa. Unataka kuzaa haraka ufe. Kahindo alilitazama ua lile, akaenda kukaa na wanawake kwenye kilio kama kila siku.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilijiambia: hii ni desturi ya watu wa hapa, mimi ni wa Butembo. Jembe ni langu. Kahindo sitamwambia, ili akiulizwa awe hana hatia. Niliona nimefikiri vizuri sana. Asubuhi ya siku ya kumi, ukungu bado mzito, niliteremka peke yangu nikachimba mashimo, mistari minne, mashimo kumi na moja kila mstari, yamenyooka kama ya shuleni. Nilikuwa namaliza mstari wa nne mwanamke mmoja aliposhuka na kidumu chake kuchota maji. Alisimama. Aliangalia ardhi iliyofunguliwa, akaacha kidumu pale pale, akapanda mbio.

Nilipofika juu watu walikuwa wamesimama wote, na katikati yao Kahindo. Kapita alikuwa anasema naye kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko kelele. Shangazi wa marehemu ndiye aliyepiga kelele.

"Bakimbizi tunabapa udongo, njo banatuchimbia! Mashimo arobaini! Ni ya nani? Anataka tuzike bangapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kwangu yalikuwa mashimo ya nyanya. Kwao, wakati ule, kila wiki mtu akipotea njiani, mtu alikuwa amechimba mistari minne ya makaburi madogo kabla Kakule hajapata lake. Nilisogea mbele na jembe lenye matope mkononi.

"Ni miye," nikasema. "Jembe ni yangu. Mama Kahindo hajui kitu."

"Wewe, Madame?" kapita akauliza. "Mutu wa masomo?"

Mtu mmoja alicheka kidogo, si kwa furaha. Koko Marthe alikuwa ameketi kwenye mkeka, hakuniangalia hata mara moja. Kapita alisema niyafunike mashimo yote, kwa mikono, sasa hivi. Habari ya Kahindo na ardhi yake wataimaliza baada ya kuzika. Kabla hajamaliza kusema, ndugu yake alikuwa ameshaanza kuangalia chini kuelekea kijito.

Nikashuka nikapiga magoti. Nilikuwa nimefunika mistari miwili Kahindo alipokuja, akapiga magoti upande wa pili, tukawa tunasukuma udongo kwa viganja. Kwenye mstari wa mwisho akauliza:

"Madame, ulitaka kunisaidia?"

"Ndiyo, Mama."

"Siku ingine uniulize kwanza."

Semina zote nilizotoa baadaye, pamoja na zile zenye chakula cha mchana, zimo ndani ya maneno hayo.

Nilimtuma mpita njia kwa Mzee Kasereka. Nilitaka aniandikie cha kufanya. Badala yake kesho yake asubuhi alitokea mwenyewe kwa miguu, mzigo wa kuni kichwani, kama inavyotakiwa kwenye kilio, kijiti chake kimechomekwa kiunoni. Alisalimia nyumba, akaketi na wanaume. Aliuliza habari za njia. Aliuliza Kakule alikuwa mtu wa namna gani. Saa zilipita. Miche ilikuwa kitaluni inazidi kurefuka, nami nilikuwa nataka kupasuka. Mchana tukala ugali na lengalenga, mchicha wa kwetu, naye akaomba aongezewe.

Saa tisa ndipo alipoinuka, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya mkeka wa Koko Marthe.

"Koko, mutoto wangu amekosea. Nilimufundisha nyanya, nikasahau kumufundisha kukaa na batu."

"Kasereka," mama mzee akasema, "mutu hatembee kutoka Butembo sababu ya pole tu."

"Hapana, Koko. Iko nyanya."

Watu walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na moja. Koko Marthe hakucheka, lakini alisema aletewe aone. Kahindo akaleta beseni. Mama mzee alichukua mche mmoja kwa jani, si kwa shina, ingawa hakuna mtu aliyemfundisha. Ukaning'inia kama uzi.

"Imerefuka, inafanana mwalimu mwenye hajakula. Ni ya nani?"

"Ya miye, Koko," Kahindo akasema.

"Mume wako balimuzika wapi?"

Kahindo aliangalia beseni. "Sijue, Koko. Tulikimbia. Sijue kama balimuzika."

Hata shangazi aliangalia pembeni. Koko Marthe aliurudisha mche ndani ya beseni taratibu, kama mtu anayerudisha yai.

"Mwana wangu hajafika," alisema mwishowe. "Udongo unamungoja yeye kwanza. Chuma, hapana."

"Chuma hapana," Mzee Kasereka akakubali, akatoa kijiti kiunoni akampa. Mama mzee akakizungusha mkononi mwake.

"Hii ni mpini ya jembe."

"Jembe lilikufa, Koko. Mpini alibaki mujane."

"Na hii kofia?"

"Ni chuma kidogo."

"Kidogo ni chuma."

Mzee Kasereka hakubisha. Alitafuta jiwe, akaigonga ile kofia mara tatu, nne, ikang'oka, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kijiti kikabaki na ncha nyeupe iliyochakaa. Koko Marthe alikiangalia tena.

"Na mashimo, hapana. Mashimo nimeona ya kutosha."

Nilifikiri tumeishia hapo. Nyanya bila shimo unapanda wapi? Lakini mwalimu wangu aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona amefurahi kazini.

"Basi tutazilaza," akasema.

"Mushuke," akasema mama mzee. "Na mukono. Kakule alikufa na risasi, hakukufa na njaa. Kitu isikufe na njaa sababu yake."

Tulishuka. Nilidhani tutakuwa watatu, lakini nilipogeuka niliona wanawake saba wa kilio nyuma yetu, wamevua viatu juu njiani. Mzee Kasereka alichora mistari kwa kijiti, si mashimo, mifereji tu ya kina cha vidole vinne. Sisi tukaipanua kwa mikono. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Kila mche tuliuondolea majani ya chini, na ua kama lipo, tukabakiza kichwa tu, kama majani manne. Tukaulaza ubavu mferejini, shina lote chini, kichwa kimeegemea udongo kinachungulia. Tukafunika, tukashindilia kwa viganja, tukazungushia majivu ya jikoni kwa ajili ya wadudu wanaokata shina.

"Lakini, Mzee," mwanamke mmoja akasema, "si tunazika kitu kizima?"

"Shina la nyanya likilala mu udongo linatoa mizizi fasi yote. Kesho kutwa kichwa kitasimama chenyewe."

"Kama mulevi!"

"Bwana yako anasimama kesho kutwa? Yangu ni kisha juma!" mwenzake akadakia.

Walicheka, wakazibana midomo kwa mikono yenye udongo wakikumbuka kilio, wakacheka tena. Halafu mmoja akaanza kulia, na tukaendelea kupanda huku analia. Kapita alikuwa amesimama juu njiani muda wote mikono nyuma. Mwisho akashuka, akachukua mwagilio la bati, akaenda kijitoni kulijaza. Njiani akasimama, akaliangalia, akageuka kuuliza juu kwa sauti kama hili nalo si chuma. Kutoka mkekani jibu lilikuja kwamba mwagilio halichimbi. Akamwagilia mistari yote minne. Tulifunika kwa mashilu, tukapanda kurudi kwenye kilio tukiwa na matope mpaka kwenye viwiko.

Siku mbili baadaye vijana walifika na Kakule, wamembeba kwenye machela ya miti. Majembe yalitoka. Chuma cha kwanza kilikuwa cha kaburi lake, kama mama yake alivyotaka, na nilisimama nyuma ya watu wote mikono mitupu. Kutoka makaburini njia inapita juu ya kijito. Watu walikuwa wanatembea kimya, na mmoja baada ya mwingine wakapunguza mwendo. Chini, kati ya mashilu, vichwa vya nyanya vilikuwa vimeinuka, vyote vimeangalia upande mmoja.

Kapita alisimama akaangalia kwa muda. Halafu akamwambia ndugu yake, bila kugeuka:

"Miti yako utaipeleka fasi ya juu."

Hiyo ndiyo habari ya nyanya za kulazwa. Mwaka ule mildyu ilichukua sehemu, iliyobaki Kahindo alipeleka Vuhovi sokoni, na mbegu aligawia bonde zima. Msimu uliofuata hapakuwa na kilio, ila niliwakuta wanalaza tena, majembe juu njiani. Niliwaambia sasa mnaweza kuchimba. Kahindo akanijibu kwamba udongo umezoea. Nilizunguka tena, Beni, Kasindi, Lubero, vita ikaisha kwenye karatasi na kuanza tena kwingine, Mzee Kasereka akafa kitandani kwake, jambo ambalo miaka ile lilikuwa kama zawadi. Aliniachia kijiti. Kiko kwenye droo ya kushoto ya meza mnayowekea chaja za simu. Mkijiuliza kwa nini hakina ncha ya chuma, mmeshajua. Msikipeleke kwa fundi.

Mara ya mwisho kufika bonde lile ilikuwa kabla tu ya kustaafu. Kapita Muhindo alikuwa amekufa kwa uzee, nami nilikwenda kwenye kilio, goti likilalamika. Upande wa Beni watu walikuwa wanakimbia tena. Pembeni ya uwanja niliona mwanamke kijana nisiyemjua, mgeni kwa namna alivyosimama, beseni la miche kichwani. Hakuthubutu kusogea wala kuondoka. Mwishowe alimkaribia mjane wa kapita, akanong'ona kitu. Mjane hakuinua hata kichwa.

"Hii ni mambo ya Kahindo," akasema. "Muulize yeye."

Kahindo alikuwa ameketi kwenye mkeka wa nyumba, pamoja na wenye msiba, mvi kichwani. Alichukua mche mmoja kwa jani, akauinua kwenye mwanga.

"Jembe yako iko wapi?"

"Nimeacha kwa nyumba, Mama. Banasema hapa musiba."

"Unatoka wapi?"

Yule mwanamke akataja kijiji upande wa Beni. Kahindo aliurudisha mche ndani ya beseni. Kisha akainuka, akamwambia atangulie kijitoni, anakuja. Tulitembea wote wawili mpaka juu ya njia, pale bonde linapoanza kuteremka. Nilitaka kushuka nao. Goti likakataa. Kahindo aliniona. Alivua viatu vyake, akanipa nivishike, akashuka.